Kiti Hiki Kina Kazi Gani?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa kazi zamu ni ya menizie. Lakini sitaki tuongee juu ya kupigilia misumari. Nataka tuongee juu ya kazi inayokuja mbele ya msumeno: kazi ya kufikiri kiti.

Kuna watu duniani ambao hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku. Wanapima, wanachora, wanafuta, wanachora tena, na mwisho wao ndio wanaosema kiti kiwe na urefu gani, mgongo wake ulale namna gani, miguu iwe mitatu ao mine. Huku kwetu kazi hii haina jina lake, kwa sababu fundi mmoja anafanya yote: anafikiri, anakata, anapaka verni, kiisha yeye mwenyewe anakwenda kwa mteja kuomba deni. Na kwa sababu haina jina, wengi wanadhani haiko. Hapo ndipo jamaa nyingi zinapoteza feza.

Angalieni vile inavyopita. Mama mmoja ameweka feza kidogo kidogo, labda za likelemba, labda zile bwana wake anazotuma kutoka Kolwezi. Siku moja anafika chini ya mwembe, fasi fundi anafanyia kazi, na telefone mkononi. "Papa fundi, niko nataka salo sawa hii ya mu foto." Foto ni ya nyumba ya Dubai ao ya China, mtu hajui. Fundi anaangalia, anasema, "Haina matata, Mama, leta avansi." Baada ya wiki tatu, ao sita (mafundi wengine munawajua), salo inatoka. Inang'aa. Majirani wanakuja kuona. Vijana wanaibeba mpaka nyumbani, wanafika mlangoni, na haipiti.

Wanang'oa mlango, inaingia. Sasa tufanye hesabu pamoja. Tuseme chumba ni mita 3 kwa 3, maana yake mita za mraba 9. Fotei ya watu watatu ni mita 2,10 kwa 0,90. Fotei mbili za mtu mmoja mmoja, kila moja 0,95 kwa 0,90. Meza ndogo ya katikati, mita 1 kwa 0,60. Jumlisheni: mita za mraba 4,2. Karibu nusu ya chumba imekwisha, na bado hatujaweka kabati wala televizyo.

Simlaumu Mama. Kutaka kitu kizuri nyumbani si kosa, na wageni wanastahili kuketi vizuri. Lakini kuna swali moja ambalo yeye na fundi hawakuulizana: salo hii itafanya kazi gani? Katika nyumba nyingi za Kamina, na katika zile nyumba ndogo za kambi za wafanyakazi kule Likasi na Kolwezi, chumba cha mbele kinapokea wageni saa kumi, kinakuwa fasi ya kula saa moja ya usiku, kiisha kinakuwa kalasi ya watoto wanaoandika masomo yao karibu na taa, na saa tatu kinageuka chumba cha kulala. Mikeka inatandikwa, watoto wanne wanalala pale. Nyumba ya ile foto haina kazi hizo zote. Viti vyake vilifikiriwa kwa watu wengine, na kwa maisha mengine.

Musiseme kwamba kuuliza maswali ya namna hii ni desturi ya Wazungu. Inchi yetu hii ilikuwa na walimu wa kazi hiyo mbele ya reli kufika.

Kamina iko katika inchi ya Baluba ambao wachunguzi wanawaita Shankadi. Zamani watu wa huku walikuwa wanasuka nywele kwa ufundi mkubwa. Aina moja ilijulikana mbali: nywele zinashuka kwa ngazi ngazi, sawa maji yanayoanguka kwenye mawe. Imeandikwa kwamba kusuka kichwa kimoja cha namna hiyo kulidai saa karibu 50, na kwamba kikitunzwa vizuri kiliweza kudumu miezi miwili ao mitatu. Ninyi wamama munajua matata yake bila kuelezwa. Umeketi siku nzima, na siku nyingine tena, shingo inauma. Kiisha usiku mmoja wa kulala vibaya unaharibu yote. Mto wa pamba hausaidii. Unabonyea, na nywele zinapondeka chini ya kichwa.

Ndiyo sababu walitumia mto wa mti. Ni kitu kidogo, sentimita 16 ao 18 za urefu, mtu anaweza kukishika kwa mkono mmoja. Juu kina kibao kilichoinama kidogo katikati. Mlalaji haweki kichwa pale, anaweka shingo. Kichwa kinabaki hewani, nywele haziguswi na kitu, na upepo unapita chini ya shingo wakati wa joto. Angalieni vizuri akili iliyo ndani yake. Fundi hakuanza kwa kujiuliza mto mzuri unafanana namna gani. Alianza na nywele za mama yule, na hasara ya zile saa 50.

Katika mafundi wale, mmoja amekuwa na sifa dunia nzima, na hakuna aliyeandika jina lake. Alifanya kazi katika karne ya 19. Wachunguzi wa Ulaya walipolinganisha mito ya mti iliyopelekwa katika makumbusho yao, waliona kwamba mingi imetoka katika mkono mmoja, ao katika atelie moja, wakamwita Bwana wa Nywele za Maporomoko. Mto mmoja wa namna yake uko British Museum kule London. Ni watu wawili wanaotazamana. Mikono ya huyu iko juu ya mabega ya yule, miguu yao imepishana. Ukiangalia kwa macho ya msanii utasema ni upendo, ao urafiki. Ukiangalia kwa macho ya menizie utaona jambo jingine pia: ile mikono na miguu iliyoshikana inafanya chombo kuwa kigumu, kisiyumbe usiku mtu anapogeuka. Na nywele zilizochongwa juu ya vichwa vya sanamu ni zile zile za mtu aliyelala juu yao. Chombo chenyewe kinakuambia kazi yake.

Sasa kuna kiti kingine cha Baluba ambacho kinanifikirisha zaidi, kwa sababu kazi yake haikuwa kukaliwa. Ni kiti cha mfalme, lupona, kile ambacho mwanamke aliyechongwa anabeba kibao kwa vichwa vya vidole. Viti hivi vilifungwa ndani ya kitambaa cheupe, vikawekwa katika kijiji kingine chini ya mlinzi, na vilitolewa mara chache tu. Mtu angeuliza: kiti gani hiki kisichokaliwa? Lakini kazi yake ilikuwa kushika mamlaka, kukumbusha kwamba mfalme anasimama juu ya wale waliomtangulia. Kwa kazi hiyo kilikuwa kamili. Kama fundi angekifanya kipana na chepesi, chenye kuegemea, angeharibu. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninaposema kazi ya kiti sisemi matako tu. Heshima nayo ni kazi. Hata ile salo ya Mama ina kazi ya heshima, na fundi mwenye akili ataihesabu pamoja na mikeka ya watoto.

Mmoja wa mabwana wa viti hivyo alifanya kazi kule Buli, kaskazini ya Katanga ya zamani, mwishoni mwa karne ya 19. Mbelgiji Frans Olbrechts ndiye aliyeonyesha kwamba viti na sanamu vyenye zile nyuso ndefu zilizochoka vina mkono mmoja, na watu wakaanza kusema Bwana wa Buli. Baadaye lilipatikana jina, Ngongo ya Chintu, ambalo labda ndilo lake. Kiti chake kimoja kiko Metropolitan Museum kule New York tangu 1979.

Na kwa kuwa tumefika New York, tubaki kidogo, kwa sababu katika nyumba ile ile ya makumbusho, mwaka 2021, walifungua chumba ambamo kazi za wasanii na wabunifu wenye asili ya Afrika zimepangwa sawa katika nyumba ya mtu. Kati yao kuna kazi ya mtu mmoja ambaye vijana wetu wangepaswa kumjua: Jomo Tariku.

Alizaliwa Kenya, wazazi wake ni Waethiopia, akakulia Ethiopia. Baba yake alikuwa anakusanya vyombo vya inchi mbalimbali, na salo yao ilijaa viti vya kila namna. Watoto wengine wangevipanda. Yeye alivichora. Wakati wa likizo alikwenda kujifunza katika atelie ya menizie wa mtaani. Kiisha akaenda Marekani, akasoma ubunifu wa vyombo katika Chuo Kikuu cha Kansas, na kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa juu ya viti vya Afrika vya wakati huu. Aliuliza: kwa nini watu wakisema "kiti cha Afrika" wanafikiri kitu cha zamani tu, cha kuwekwa kwenye kioo?

Musidhani viti vilimlisha mara moja. Kwa miaka mingi alifanya kazi ya takwimu katika Benki ya Dunia mchana, na viti alivichora usiku na siku za mapumziko. Hiyo ndiyo maisha ya kweli ya kazi hii, karibu kila fasi. Nasema hivi kwa ajili ya kijana anayefikiri kwamba akichora kiti kimoja kizuri atanunua gari.

Angalieni namna anavyofikiri. Kigoda chake kimoja kinaitwa Mukecha, neno la Kiamhara lenye maana ya kinu. Ndiyo, kinu, hiki hiki tunachotwangia sombe. Hakuchukua kinu akakipiga verni. Aliangalia umbo lake na namna kinavyosimama imara, akauliza kama linaweza kumbeba mtu. Kiti kingine kinaitwa Meedo, na mgongo wake umetoka katika kitana cha nywele. Kingine Nyala, kutoka kwa mnyama wa milima ya Ethiopia na pembe zake. Mkono wake ni wa leo, lakini ukimweka karibu na yule bwana wa Shankadi, wataelewana bila mkalimani: mmoja alitoka kwenye nywele akafika kwenye mto, mwingine alitoka kwenye kitana akafika kwenye kiti.

Mwaka 2020 alitumia akili yake ya hesabu kwa jambo ambalo wengi walilisema bila kulipima. Alihesabu aina za vyombo zilizouzwa na makampuni makubwa ya fotei na meza. Katika aina 4.417, zilizobuniwa na watu weusi zilikuwa 14. Kumi na ine tu! Tangu hapo watu wengi zaidi wamemsikiliza, na filamu Black Panther: Wakanda Forever ya 2022 ilitumia viti vyake. Ninaona hesabu ile ina maana kwetu Kamina kuliko ile filamu. Foto zile zinazofika katika telefone ya Mama zinatoka karibu zote kwa watu ambao hawajawahi kutandika mkeka katika salo.

Jomo alichukua pia kile kiti cha mbao mbili ambacho wazee wengi wanakikumbuka. Kinapatikana katika sehemu nyingi za Afrika, na huku mashariki ya Kongo pia. Mbao ya kwanza ndefu ni mgongo, ina tundu. Mbao ya pili ni kiti, inapita ndani ya tundu lile mpaka ncha yake iguse chini nyuma. Hakuna msumari, hakuna gundi. Mtu akiketi, uzito wake mwenyewe unakaza mbao katika tundu; kadiri anavyoegemea, ndivyo kinavyoshika. Akitaka kuhama, anavuta mbao, analaza moja juu ya nyingine, anabeba begani. Fasi nyingine kilitumika kwa mama anayezaa, kwa sababu kiko chini na kinaegemea. Waza sasa juu ya salo yetu ya mita 3 kwa 3. Viti vine vya namna hii usiku vinasimama ukutani, havichukui hata upana wa mlango, na mikeka inapata fasi.

Sisemi kila mtu arudi kwenye kiti cha mbao mbili. Nkambo mwenye magoti ya kuuma hawezi kunyanyuka kutoka chini vile. Kwake kazi ya kiti ni kumsaidia kusimama, na hiyo inadai mambo mawili: kiti kisiwe chini ya sentimita 45, na kiwe na fasi ya kuweka mikono, ngumu, inayofika mbele. Fotei nyingi za kisasa zina kina cha sentimita 60 na sponji laini. Nkambo akizama mle, miguu inaning'inia sawa ya mtoto, na watu wawili wanamvuta. Tunaita hiyo heshima.

Basi turudi chini ya mwembe. Fundi asiye na mashini, na mara nyingi asiye na umeme, anawezaje kufanya kazi ya kufikiri? Anaweza, na haidai feza. Njia moja ni hii: chukua matofali na kibao. Panga matofali, weka kibao juu, muketishe mwenye kiti. Ongeza tofali ao toa, mpaka nyayo zote mbili ziguse chini na mapaja yasibanwe na ukingo. Pima hapo. Kwa watu wazima wengi utapata kati ya 42 na 45. Kiisha pima kutoka mgongoni mpaka nyuma ya goti, punguza vidole vitatu, hicho ndicho kina cha kiti. Mgongo usisimame wima sawa ukuta; ulale nyuma kidogo. Kama ni meza ya kulia, uso wake uwe juu ya kiti kwa sentimita 28 mpaka 30. Chora yote kwa chaki chini kwenye simenti, kwa urefu wake wa kweli, mbele ya mteja. Mteja akiona kwa chaki kwamba fotei itafika mpaka kwenye mlango wa chumba, yeye mwenyewe atasema, "Papa, punguza." Chaki ni rahisi kuliko mbao.

Na mbao sasa. Hapa ndipo kazi nyingi za vijana zinakufa. Mti mbichi unakauka ndani ya nyumba ya mteja, unapinda, meza inacheza, na jina la fundi linachafuka mtaa mzima. Sheria ya zamani ya mafundi ni mwaka mmoja wa kukausha kivulini kwa kila sentimita 2,5 za unene, mbao zikipangwa na vijiti katikati ili upepo upite. Najua fundi mwenye watoto sita hawezi kungoja mwaka. Lakini akinunua mbao kidogo mbele ya kila kazi na kuziweka, baada ya miezi atakuwa na stoki inayoanza kukauka. Tena akumbuke misimu. Mbao iliyopangwa vizuri mwezi wa saba, kiangazi kikiwa kikali, itavimba mwezi wa kwanza wakati wa mvua, na mtoto wa meza hautafunguka. Mwache pumzi. Tenoni na mortezi, yaani ulimi ndani ya tundu, vinavumilia kucheza huko kwa mbao miaka na miaka. Msumari hauvumilii, unalegea.

Mulombwa unapendwa na mafundi kwa sababu unakauka bila kupinda sana. Ndugu zetu wa Tanzania wanauita mninga. Lakini ni mti wa polepole. Kutoka mbegu mpaka unene wa kukatwa ni miaka 80 na zaidi, na wakati huo makala ya miji yetu hayangoji. Ndugu yake mwekundu, mukula, ulikatwa sana Katanga kwa ajili ya soko la ngambo, mpaka mwaka 2019 ukawekwa katika mapatano ya dunia ya CITES yanayochunga biashara ya viumbe. Mwaka 2022 mataifa yakaongeza jamii yake yote ya Afrika, mulombwa ndani yake. Menizie anayefikiri anatumia mbao ya sentimita 2 fasi ambapo asiyefikiri anaweka 5, na kiti chake kinadumu kuliko kile. Nimeona fotei ambazo mbao iliyofichwa ndani ya sponji ingetosha kutengeneza kitanda. Ni ufundi gani huo?

Swali la bei linakuja. Mteja anasema, "Fundi, unanilipisha hata karatasi?" Ndiyo, Mama, alipwe. Saa mbili za kupima na kuchora ni kazi, sawa na saa mbili za kupiga rabo. Fundi naye aache ile tabia ya kula avansi ya mteja wa pili ili amalize kazi ya mteja wa kwanza. Ukianza mchezo huo, hautatoka. Avansi inunue mbao, na mbao ionekane. Na ninyi wazazi wenye binti anayependa kuchora, musimwambie menizie ni ya wanaume. Kupima goti la nkambo hakudai misuli.

Nimeacha mwisho jambo linalonigusa zaidi, nalo si salo. Ni mabenchi ya watoto. Katika masomo mengi mtoto wa mwaka wa kwanza na kijana wa mwaka wa sita wanaketi kwenye benchi la kipimo kimoja, kwa sababu fundi alipewa komandi ya mabenchi mia na kielelezo kimoja. Mdogo miguu yake haifiki chini, kifua chake kiko sawa na meza, anaandika mabega yakiwa juu masaa manne. Tunasema mtoto huyu hatulii. Kumbe ni mgongo. Mabenchi ya kanisa yasiyo na mgongo, ambayo wazee wanakalia ibada nzima, ni ya ukoo huo huo.

Vipimo viko, na havina siri. Mtoto wa mita 1,10 mpaka 1,20 anahitaji kiti cha sentimita 31 na meza ya 53. Wa mita 1,20 mpaka 1,40, kiti cha 35 na meza ya 59. Wa mita 1,40 mpaka 1,55, kiti cha 38 na meza ya 64. Kama masomo hayawezi kununua mabenchi mapya, fundi anaweza kukata miguu ya yale yaliyopo kwa mistari mitatu ya mbele ya kalasi ya kwanza, na kupigilia kibao cha kukanyaga chini ya mengine. Ni kazi ya jumamosi mbili, na mbao zake zinaweza kutoka katika vipande vilivyobaki. Kamati ya wazazi inaweza kuomba hivyo mbele ya mwezi wa tisa.

Na kwa mtoto anayeandikia magotini nyumbani, chukua kamba jioni hii. Msimamishe mlangoni, pima urefu wake. Muketishe juu ya kitu mpaka nyayo zilale chini, pima nyuma ya goti. Pima mlango pia, na ile fasi kati ya kabati na dirisha. Andika namba hizo kwenye karatasi, na umpelekee fundi pamoja na ile foto.